Namba Moja, Seva Nyingi: Kwa Nini Simu ya Ofisi Wakati Mwingine Haipatikani

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti huduma za ambulansi na kuzima moto, pamoja na zahanati na vituo vya afya. Huduma hizi zote huanza na jambo moja: simu kupigwa na kupokelewa. Nyumba inaposhika moto Kahawa Wendani, au mama mjamzito anapozidiwa usiku Mwihoko, hakuna anayeanza kwa kujaza fomu. Mtu huchukua simu na kupiga.

Mahitaji ya simu hizo yanaongezeka. Sensa ya mwaka 2019 iliukuta mji wa Ruiru ukiwa na wakazi 490,120, karibu mara mbili ya Thika iliyokuwa na wakazi 251,407. Katika mji wa ukubwa huu, ofisi inayotegemea simu moja iliyo juu ya meza ya mapokezi huzidiwa kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo maana taasisi nyingi, zikiwemo hospitali, kampuni za huduma, sacco na shule, hutumia simu za intaneti zinazoweza kupokea wapigaji wengi kwa wakati mmoja kupitia namba moja.

Mfumo wa aina hiyo ukifanya kazi vizuri, mwananchi hajui hata kama upo. Ukiharibika, husikia mlio usio na mwisho, au simu inakatika, au inapokelewa lakini hakuna sauti. Wengi hudhani afisa ameamua kutopokea, na mara nyingine huwa hivyo. Lakini mara nyingi afisa ameketi hapo hapo akisubiri simu ilie, stima ipo, intaneti ipo, na tatizo ni kwamba mashine moja imeshindwa kujua mwenzake anaitwa nani na yuko wapi. Makala haya yanaeleza hitilafu hiyo hutokeaje, mafundi huitafuta vipi, na mwananchi afanye nini inapotokea.

Simu ya intaneti hufanyaje kazi

Simu ya mezani ya zamani ilikuwa na waya wake wa shaba kutoka nyumbani hadi kituo cha simu. Simu ya intaneti, ambayo mafundi huiita VoIP, haina waya wa peke yake. Sauti hukatwa vipande vidogo na kutumwa kwenye njia ile ile inayopitisha barua pepe na video. Kwa kawaida kila kipande hubeba sehemu ya 20 ya sekunde iliyogawanywa mara 1,000, kwa hiyo vipande 50 husafiri kila sekunde kwa kila upande wa mazungumzo. Sauti ya ubora wa simu ya mezani huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiongeza bahasha zinazobeba vipande hivyo, hufika kati ya kilobiti 80 na 90.

Kabla ya sauti kupita, lazima mashine ziitane. Lugha ya kuitana inayotumika zaidi inaitwa SIP. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1999 na kuandikwa upya mwaka 2002, na hadi leo ndiyo inayotumika katika ofisi nyingi duniani. Kila simu iliyo mezani hujiandikisha kwa seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, ikisema: mimi ni namba fulani, na nipo kwenye anwani hii. Uandikishaji huo una muda wake, mara nyingi saa moja au chini ya hapo, kisha simu hujiandikisha tena.

Mwananchi anapopiga, seva hufungua daftari lake, hutafuta ni simu gani iliyojiandikisha, na kuipigia. Daftari likiwa na anwani isiyo sahihi, simu ya afisa haitalia hata kama iko mbele yake.

Kwa nini seva zaidi ya moja

Ofisi ndogo inaweza kutumia seva moja. Tatizo ni kwamba seva hiyo ikizimika, simu zote huzimika nayo. Kwa huduma kama ambulansi hilo ni hatari, na Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Dawa yake ni kuunganisha seva kadhaa zifanye kazi kama moja. Kundi hilo huitwa klasta, na kila seva ndani yake huitwa nodi. Mfano wa karibu ni jiko la harusi. Wapishi ni watatu au wanne, sufuria ni nyingi, lakini wageni huona chakula kimoja. Mpishi mmoja akiitwa pembeni, wengine huendelea kupakua. Hata hivyo jiko hilo huenda sawa kwa sharti moja: kila mpishi ajue wenzake ni nani, wako wapi na wanafanya nini. Wasipojuana, mchele utatiwa chumvi mara mbili na nyama itaachwa mbichi.

Klasta ya simu ni vivyo hivyo. Simu ya Gatongora inaweza kuwa imejiandikisha kwenye nodi ya kwanza, na mpigaji wa Gitothua akaingilia nodi ya pili. Nodi ya pili ni lazima iulize ya kwanza: unayo namba hii? Kama haiijui nodi ya kwanza ipo wapi, itamjibu mpigaji kwamba namba haipatikani. Hapo namba ni nzima, simu ni nzima, na seva zote mbili ni nzima. Kilichokosekana ni kufahamiana.

Daftari la majina ya intaneti

Kila mashine kwenye intaneti ina anwani ya tarakimu, inayoitwa anwani ya IP. Binadamu hawezi kukariri tarakimu hizo, na hata mashine hazipaswi kuzitegemea sana kwa sababu hubadilika. Ndiyo maana kuna majina, kama vile kiambu.go.ke, na daftari linalogeuza jina kuwa anwani. Daftari hilo huitwa DNS.

Mwanzoni halikuwa hivyo. Kabla ya mwaka 1983, majina yote ya kompyuta zilizounganishwa yaliwekwa kwenye faili moja iliyotunzwa na taasisi moja ya utafiti huko California, Marekani, na kila mtu alinakili faili hiyo. Mashine zilipoongezeka, faili ilishindwa kwenda na wakati. Mwaka 1983 mtaalamu wa kompyuta Paul Mockapetris alibuni DNS, ambamo kazi hugawanywa: kila mwenye eneo hutunza majina ya eneo lake.

Kwa Kenya, eneo hilo ni .ke, lililosajiliwa mwaka 1993 na sasa husimamiwa na shirika la KENIC. Ndani yake kuna go.ke kwa taasisi za serikali, na ndani ya go.ke kila taasisi ina jina lake. Mfumo huu unafanana na barua ya posta. Bahasha iliyoandikwa Ruiru 00232 haihitaji mfanyakazi wa posta wa Mombasa ajue sanduku lako liko upande gani wa ukuta. Anachohitaji ni kujua kwamba 00232 ni Ruiru. Posta ya Ruiru ndiyo itakayomalizia.

Simu za intaneti hutumia aina ya pekee ya maandishi katika daftari hilo, inayoitwa SRV. Maandishi ya kawaida husema tu kwamba jina hili lina anwani ile. SRV huongeza habari tatu muhimu: seva ipi ijaribiwe kwanza, mzigo ugawanywe vipi kati ya zile zilizo sawa, na mlango upi ugongwe. Mlango ni namba inayotenganisha huduma ndani ya mashine moja. Wa SIP kwa kawaida ni 5060, na wa SIP iliyofichwa kwa usalama ni 5061. Seva ya kwanza ikipewa daraja la 10 na ya pili 20, wapigaji wote huanza na yenye 10, kwa kuwa namba ndogo ndiyo hutangulia. Ikikosekana, huenda kwa ile ya 20. Fundi akigeuza namba hizi kwa bahati mbaya, simu zote zitaenda kwenye seva ya akiba, na seva kuu itakaa bure.

Seva hutambuanaje

Zipo njia tatu ambazo nodi hutumia kutafutana.

Ya kwanza ni kuandika orodha. Fundi huweka majina ya nodi zote kwenye kila mashine. Ni njia rahisi, lakini kila nodi mpya inapoongezwa lazima orodha zote zirekebishwe, na moja ikisahaulika shida huanza.

Ya pili ni kupaza sauti. Nodi hutuma tangazo kwenye mtandao wa jengo ikiuliza nani mwingine yupo. Njia hii hufaa mashine zilizo chumba kimoja. Lakini tangazo hilo kwa kawaida haliivuki ruta, kama vile mtu anayeita akiwa ndani ya ua wake asivyosikika mtaa wa pili. Seva iliyo Ruiru haiwezi kuigundua seva iliyo Thika kwa kupaza sauti tu.

Ya tatu ni kuuliza DNS. Nodi huuliza jina moja la kundi na kupewa anwani za wanachama wote. Njia hii huvuka umbali, lakini inaifanya DNS kuwa nguzo ya nyumba: ikianguka, klasta nayo inayumba.

Mifumo kadhaa mikubwa ya simu za intaneti imejengwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Erlang. Lugha hiyo ilianzishwa mwaka 1986 katika maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson huko Uswidi, na Joe Armstrong na wenzake, kwa ajili ya mitambo ya simu isiyopaswa kuzimika. Jina lake linamuenzi Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na ambaye mwaka 1909 alichapisha hesabu za jinsi simu zinavyoingia kwenye kituo. Hesabu zake ndizo msingi wa kukadiria laini ngapi zinahitajika ili wapigaji wasisubiri kupita kiasi. WhatsApp, inayotumiwa na wakazi wengi wa Kiambu, nayo ilijengwa kwa Erlang.

Katika Erlang kila nodi ina jina lenye sehemu mbili, mfano simu@seva1.ofisi.mfano. Kushoto ni jina la kazi, kulia ni jina la mashine. Nodi mbili huungana zikitimiza masharti matatu: majina yawe ya namna moja, yote marefu au yote mafupi, ziwe na neno la siri linalofanana, na kila moja iweze kugeuza jina la mwenzake kuwa anwani sahihi. Sharti moja likikosekana, nodi hukataana, hata kama zimewekwa kwenye kabati moja na waya zake zimegusana.

Hitilafu zinazojitokeza mara nyingi

*Jina lisilolingana.* Mkazi yeyote aliyewahi kurudishwa dirishani kwa sababu cheti cha kuzaliwa kina jina moja na kitambulisho kina jingine anaielewa hitilafu hii. Nodi iliyojiandikisha kama seva1 na inayotafutwa kama seva1.ofisi.mfano ni mashine moja kwa macho ya fundi, lakini kwa klasta ni watu wawili tofauti.

*Mashine inayojitaja kama mimi mwenyewe.* Anwani zinazoanza na 127 humaanisha mashine yenyewe inayozungumza. Mifumo ya Debian na Ubuntu, inayotumika sana kwenye seva, huweza kuandika jina la mashine kwenye faili yake ya ndani likielekea 127.0.1.1. Seva ikijitangaza kwa wenzake kwa anwani hiyo, kila anayeitafuta hujikuta akijipigia mwenyewe. Ni sawa na kumpa mtu namba ya simu ambayo, kila akiipiga, simu inayolia ni ile iliyo mfukoni mwake.

*Jibu lililopitwa na wakati.* DNS haiulizwi upya kila mara. Jibu huhifadhiwa kwa muda uliowekwa na mwenye jina, unaohesabiwa kwa sekunde: 300 ni dakika tano, 3,600 ni saa moja, 86,400 ni siku nzima. Ofisi ikihamisha seva yake leo huku jibu la zamani likiwa limehifadhiwa kwa siku nzima, baadhi ya wapigaji wataendelea kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa hadi kesho. Hata jibu la kwamba jina halipo huhifadhiwa. Fundi akiuliza jina kabla halijaandikwa, anaweza kuendelea kuambiwa halipo hata baada ya kuliandika.

*Mlango uliofungwa.* Ukuta wa ulinzi wa mtandao huzuia milango isiyoruhusiwa, na ni vizuri ufanye hivyo. Lakini nodi za Erlang huulizana kwanza kupitia mlango 4369, kisha huzungumza kupitia mlango mwingine ambao, usipowekwa mahususi, hubadilika kila mfumo unapowashwa. Fundi akifungua 4369 pekee, nodi zitaonana kwa mbali bila kuweza kusalimiana. Dawa ni kuchagua milango michache, kuifungua kati ya nodi tu, na kamwe kutoiacha wazi kwa intaneti nzima.

*Kundi kugawanyika.* Kiungo kati ya nodi kikikatika, kila upande unaweza kuamini kwamba upande wa pili umekufa, na kila mmoja ukajitangaza kuwa mkuu. Madaftari yanakuwa mawili. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza nodi za idadi isiyogawanyika kwa mbili: kati ya tatu, mbili ndizo wengi, kati ya tano, tatu ndizo wengi. Upande wenye wachache hunyamaza hadi kiungo kirudi.

*Sauti ya upande mmoja.* Hapa simu imepokelewa, lakini mmoja hasikii. Mara nyingi seva au simu imempa mwenzake anwani ya ndani ya jengo, kama ile inayoanza na 192.168, ambayo haifikiki kutoka nje. Wito ulipita, sauti ikapotea njiani.

Hatua za uchunguzi

Kwa vijana wanaosomea teknolojia ya habari na mawasiliano, na kwa mafundi wa shule, zahanati na biashara ndogo, mpangilio ufuatao huokoa muda. Anza chini, panda juu, na usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja.

1. Thibitisha njia. Kutoka nodi moja, tumia amri ya ping kwa anwani ya tarakimu ya nodi ya pili. Isipojibu, angalia nyaya na ruta kwanza, na pia kama ukuta wa ulinzi unazuia ping yenyewe.

2. Thibitisha jina. Rudia kwa kutumia jina badala ya tarakimu. Tarakimu zikijibu na jina lisijibu, tatizo ni DNS au faili ya ndani ya majina.

3. Linganisha majibu. Tumia amri ya dig au nslookup kuuliza jina hilo hilo kwenye kila nodi. Majibu yasipofanana, kuna nodi inayouliza daftari tofauti au iliyohifadhi jibu la zamani. Kumbuka kwamba dig huuliza DNS moja kwa moja, na haisomi faili ya ndani. Amri ya getent hosts huonyesha kile ambacho programu yenyewe itapewa.

4. Angalia jina la mashine. Amri ya hostname -f inapaswa kutoa jina kamili, lile lile lililo kwenye mipangilio ya klasta, na jina hilo lisielekee anwani inayoanza na 127.

5. Kagua maandishi ya SRV. Hakikisha daraja, mlango na jina la seva ni sahihi, na kwamba jina hilo nalo lina anwani.

6. Kagua milango na neno la siri. Kwa Erlang, amri ya epmd -names huonyesha nodi zilizojiandikisha kwenye mashine hiyo. Jina likiwepo na muungano ukakataa, linganisha maneno ya siri.

7. Linganisha saa. Saa za nodi zikitofautiana, kumbukumbu za matukio hazitasomeka kwa mpangilio, na vyeti vya usalama vinaweza kukataliwa.

8. Piga simu halisi. Piga kutoka mtandao wa nje, zungumza pande zote mbili, kisha zima nodi moja makusudi na upige tena. Klasta ambayo haijawahi kujaribiwa nodi ikiwa imezimwa haijathibitishwa.

Kwa anayepanga kuhamisha seva, muda wa kuhifadhi majibu upunguzwe hadi sekunde 300 angalau siku moja kabla. Baada ya kuhama na kuhakikisha kila kitu kiko sawa, urudishwe juu.

Mafunzo kutoka kwa wakubwa

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, muda mfupi kabla ya saa moja kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Kampuni hiyo ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao unaounganisha vituo vyake vya data. Seva zake za DNS, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, zilijiondoa kwenye intaneti kama zilivyopangwa kufanya. Zikawa nzima, lakini hakuna aliyejua njia ya kuzifikia. Zaidi ya hayo, zana ambazo wahandisi wangetumia kurekebisha zilitegemea mtandao huo huo. Funzo kwa ofisi yoyote ni kwamba orodha ya namba za dharura za mafundi isiwekwe ndani ya mfumo ambao wataitwa kuutengeneza. Karatasi iliyobandikwa ukutani bado ina kazi.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, simu kati ya ofisi mbili za Kiambu haina sababu ya kuathirika, kwa kuwa haina haja ya kuvuka bahari. Lakini ikiwa seva hizo zinauliza daftari la majina lililo Ulaya, swali litakwama njiani na simu ya kutoka Ruiru hadi Thika itashindwa. Ndiyo faida ya kuweka seva ya DNS hapa nchini, na ya kituo cha kubadilishana mawasiliano cha KIXP kilichoko Nairobi, kilichoruhusiwa kufanya kazi mwaka 2002 ili mawasiliano ya Wakenya kwa Wakenya yasizunguke ng'ambo.

Mwananchi afanye nini

Kwanza, katika dharura usisubiri namba moja. Namba za polisi za dharura, 999 na 112, hazilipishwi. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, na 1195 ni ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Andika pia namba ya kituo cha afya na ya mzee wa mtaa wako mahali ambapo kila aliye nyumbani anaweza kuziona, hata simu yako ikiishiwa chaji.

Pili, simu ya ofisi ikikosa kupatikana, kumbuka mambo matatu: saa uliyopiga, mtandao uliotumia, na ulichosikia. Kimya, mlio wa kuendelea, ujumbe kwamba namba haipo, na sauti ya upande mmoja ni dalili za magonjwa tofauti. Fundi akiambiwa kwamba simu haifanyi kazi, ataanza kutafuta gizani. Akiambiwa kwamba saa mbili na nusu usiku simu ilipokelewa lakini sauti haikusikika, tayari ameshajua aanzie wapi.

Tatu, uliza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka kwa taasisi ya umma. Katika vikao vya kushirikisha umma kuhusu bajeti, ni halali kwa mkazi kuuliza: simu za huduma hii zinategemea seva ngapi? Mara ya mwisho mfumo ulijaribiwa lini huku seva moja ikiwa imezimwa? Jina la intaneti la taasisi linalipiwa na nani, na linaisha lini? Simu zikirekodiwa, sauti zetu zinalindwa vipi kulingana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya kompyuta. Anayeyauliza anataka tu kujua kwamba usiku atakapopiga simu kwa niaba ya jirani, upande wa pili italia, na kuna mtu atakayeipokea.